Diana hakuwa wa kwanza
Wengi hudhani Diana, mke wa kwanza wa Charles, ndiye aliyeanza kuwatoa watoto wa kifalme wa Uingereza magazetini. Hapana, walikuwa magazetini zamani kabla yake. Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth II, alitoka kwenye jalada la jarida la Time Aprili 1929, ana miaka 3, na wakati huo hakuna aliyemtarajia kuwa malkia. Mambo yalipamba moto baada ya Desemba 1936, Mfalme Edward VIII alipoachia kiti ili amuoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyetalikiwa. Mdogo wake, George VI, akarithi ufalme wenye aibu ya kusafisha, naye mwenyewe ana kigugumizi. Picha za binti zake wawili, Elizabeth na Margaret, na mbwa wao ndizo zilizowaonyesha watu nyumba iliyotulia.

Halafu vita. Tarehe 13 Oktoba 1940 Elizabeth, miaka 14, alisoma salamu BBC kwa watoto waliohamishwa kukimbia mabomu, wakiwemo waliopelekwa ng'ambo. Mwishoni anamwita mdogo wake Margaret waage pamoja. Rekodi ipo, isikilize. Kwangu mimi hizo sekunde chache zilifanya kazi kuliko salamu zote.

Ila Diana alibadilisha namna: wanawe, William na Harry, walionekana wakiloa maji kwenye bustani za michezo kama watoto wengine. Siku hizi Kate, mke wa William, mara nyingi huwapiga wanawe picha mwenyewe, kasri inazitoa. Hilo nalo lina mipaka: Machi 2024 mashirika ya habari AP, Reuters na AFP yaliondoa picha yake na watoto ya Siku ya Mama, maana ilikuwa imechezewa.