Jibu: Kocha wa kwenye simu ananuna, mazoezi yanaharibika

Habari dada. Umesema tangu yule kocha wa katuni wa programu ya mazoezi, anayekutazama kwa kamera ya simu, aanze kununa kila ukikosea kuchuchumaa, ndiyo unazidi kuharibu. Yalinikuta hayo.

Anza na kamera. Yangu ilikuwa chini mno, inakata miguu, kwa hiyo alininunia hata nilipopatia. Nikaiweka juu ya stuli, usawa wa kiuno, nikarudi nyuma hatua nne.

Kisha zima ile sura, bakiza sauti. Mimi nilikuwa nainua shingo nimwangalie kama amefurahi, huku mgongo unapinda! "Hongera" yake haikuelekezi kitu. "Goti limeingia ndani" ndiyo ya kushika. Makofi anayopiga nimeyabakiza mwisho wa seti (mzunguko mmoja wa zoezi) tu, maana siku za uvivu yananisukuma, sikatai.