Kagua vifurushi vya watu kabla ya kukaguliwa wewe

Swali la wiki hii: msafiri ajiandae vipi ili apite uwanja wa ndege bila usumbufu? Wengi watajibu, fika mapema, na hawakosei. Ila usumbufu mwingi ninaouona huanzia sebuleni, jioni ya kuamkia safari, jamaa wanapoingia mmoja mmoja na vifurushi. "Mpelekee shemeji haya majani chai tu, hayana uzito." Kila mtu analeta kitu kisicho na uzito, na begi linagoma kufunga.

Nakaa Donholm, Nairobi, si mbali na uwanja wa ndege wa JKIA, kwa hiyo nyumba yangu imekuwa gesti ya ukoo. Anayetoka Kakamega kwenda ng'ambo hulala kwangu, na sharti langu wanalijua: hakuna kinachoingia begini kikiwa kimefungwa. Unga namimina kwenye karai, napitisha mkono, narudisha. Mkebe uliozungushwa selotepu unafunguliwa mbele ya aliyeuleta. Akinuna, anune. Kwenye kaunta msafiri huulizwa kama amefunga mzigo mwenyewe na kama kuna mtu amempa kitu ambebee, na jibu ni lake peke yake. Kuna nchi ambako dawa za kulevya ni kitanzi, na hakimu hatamwita binamu aliyekutuma.

Halafu kuna chakula. Sisi Waluhya hatuwezi kumtumia mtu salamu bila kuku, lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria anayetoka huku kuingia na nyama wala maziwa, hata kuku awe amekaushwa vipi. Omena hana neno, kwa kuwa samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20. Mrenda mbichi unataka cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea, na sijaona mtu akikitafuta kwa ajili ya fungu moja la mboga. Uliza masharti ya nchi unayokwenda kabla mama hajachinja.

Mizani naazima kwa jirani anayeuza nafaka, ile ya kuning'iniza. Mashirika mengi huweka kilo 23 kwa begi, ila tiketi nyingine ni begi moja na nyingine mawili, kwa hiyo soma yako, usisome ya mwenzako. Afadhali kubishana kuhusu kilo mbili ukiwa nyumbani kuliko kufungua begi kwenye foleni, nguo za ndani nje, watu wanatazama.

Ya mkononi ni machache. Pawabenki inakaa huko, si kwenye begi kubwa. Kwa safari za kimataifa, kitu cha majimaji kisizidi mililita 100 kwa chupa, na siagi ya karanga na asali vinahesabiwa humo. Kadi ya homa ya manjano, kama unakokwenda wanaitaka, ishughulikie mapema: chanjo hutambuliwa baada ya siku 10, kisha ni ya maisha.

Barabarani, Mombasa Road haina adabu mvua ikinyesha. Tangu 2022 tuna Nairobi Expressway. Lipa ada upite juu. Kabla ya kufika kwenye majengo, abiria huenda wakatakiwa kushuka garini na kukaguliwa kwa miguu huku dereva akipitisha gari, basi mwenye mzee asiyetembea vizuri aongeze muda. Jua pia unashukia wapi, 1A au 1B au kwingine, kwa sababu kuvuta mabegi kutoka jengo moja hadi jingine si mchezo. Na tiketi ya safari ya ndani isome mara mbili: nyingine huondokea uwanja wa Wilson, kule Lang'ata Road, na wapo wanaoligundua hilo wakiwa tayari JKIA, huku Embakasi.

Maombi na picha za familia vimalizwe nyumbani, maana wasindikizaji wataachwa nje. Lakini mmoja wao asiondoke mpaka msafiri apige simu kwamba mabegi yamepokelewa. Kukiwa na cha kupunguzwa, kuna wa kukikabidhi. Kwangu mtu huyo ni mimi, na kuku aliyekataliwa huliwa Donholm.