Jibu: Mashine ya kufulia chumba cha chini ya ardhi, maji yatatokaje?
Ndugu, umeuliza kama mashine itaweza kutoa maji ilhali bomba lako la majitaka limepita ukutani, juu ya sakafu. Pima urefu kwanza. Pampu ya ndani ya mashine nyingi husukuma maji hadi kama mita 1 hivi. Bomba likiwa juu zaidi, utahitaji tangi dogo lenye pampu yake, na vali ya kuzuia maji yasirudi. Hapo usibane pesa, maji yakifurika chini ya nyumba hayana pa kukimbilia. Mashine iinue kidogo kwa zege. Ukiweka na ya kukaushia, hewa yake itoke nje kabisa, la sivyo kuta zitaota ukungu. Soketi nayo iwe na kinga inayokata umeme ukivuja.