Sanduku la Maswali: MRI ya mishipa ya ubongo bila sindano

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni radiografa, nina mwaka na nusu kazini, niko Nyanda za Juu Kusini na mashine yetu ni ya 1.5 tesla. Nikipiga TOF (picha ya mishipa inayotegemea damu inayotembea, bila sindano) ya ateri za ubongo picha zinatoka na mistari mistari kama ngazi, mishipa ya juu inafifia, halafu nikitengeneza mipu (MIP, picha moja inayokusanya slaisi zote) mafuta ya machoni yanaziba kila kitu. Nimefuata protokali ile ile waliyoniachia. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Huenda hujakosea sana, ila protokali ya kuachiwa ni kama nguo ya mtumba, lazima uipime mwilini kwanza.

Tuanzie kwenye damu yenyewe maana hapo ndipo kila kitu kinapotokea. Mashine haioni mshipa, inaona damu mpya inayoingia. Nyama ya ubongo imekaa pale pale inapigwa mawimbi kila milisekunde 20 na kitu mpaka inachoka inanyamaza, sasa damu inayopanda kutoka shingoni haijapigwa bado kwa hiyo inaingia na makelele yake yote, kama abiria wanaoshuka kwenye basi la asubuhi huku waliolala stendi wamesinzia. Ila hata huyo abiria akikaa stendi muda mrefu naye anasinzia. Ndio maana mishipa yako ya juu inafifia: slabu yako, yaani boksi la slaisi unalolipiga kwa mkupuo mmoja, ni nene, damu inapigwa mara nyingi kabla haijafika juu.

Dawa yake ni kugawa. Usiweke slabu moja ya kunenepa, weka tatu au nne nyembamba na zipandiane, mimi huwa naacha asilimia 20 hadi 25 zilaliane, chini ya hapo ndio unapata hizo ngazi zako, kwa sababu damu inatoka slabu ya chini imechoka halafu slaisi inayofuata ni mwanzo wa slabu nyingine ambako damu bado ni mpya, tofauti inaonekana kama mstari. Muda unaongezeka, ndiyo, vumilia. Mashine yako kama ina ile pulsi ya mteremko, yaani pembe ndogo damu inapoingia na kubwa inapotoka, iwashe. Na angalia pia mgonjwa asije akawa ndiye aliyehama kati ya slabu na slabu, hapo ngazi inakuwa ni ya kukatika kabisa, mshipa unaonekana umevunjika na kusogea pembeni, hiyo haitibiwi na protokali, inatibiwa na sponji kwenye koili (kile kifaa kinachozunguka kichwa) na maneno mazuri.

Kupanga: kwenye sajitali (picha ya ubavuni) lalisha slabu ifuate mstari wa kopasi kolosamu (daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo), mbele mpaka nyuma, kwenye koronali (picha ya usoni) iwe mraba na mstari wa kati wa ubongo. Chini anzia kwenye tundu kubwa la fuvu ili upate vetebrali mbili (ateri za nyuma ya shingo) na tawi lake la PICA linalolisha ubongo wa nyuma chini, juu ishia juu ya kopasi kolosamu. Wengi wanakata chini mapema kuokoa dakika, baadaye radiolojisti anauliza PICA iko wapi unaanza kuangalia viatu. Juu ya slabu weka bendi ya kuzima damu inayoshuka, la sivyo sainasi ya sajitali (veni kubwa ya juu ya ubongo) inajaa kwenye picha na utashindwa kujua veni ni ipi ateri ni ipi. Bendi iwe inatembea na slabu, na isibane sana, maana ateri nyingine zina kona inayorudi chini kidogo na bendi itaizima nayo.

Sasa mafuta ya macho. TE (muda kati ya kupiga wimbi na kusoma ishara) ya milisekunde 6.9 kwenye 1.5 tesla, au karibu 3.4 kwenye 3 tesla, inachaguliwa kwa sababu hapo mafuta na maji yanavutana kinyume, lakini hiyo inasaidia pale vilipochanganyika, lile donge la mafuta tupu nyuma ya jicho halisikii chochote. Hilo unaliondoa wakati wa kusafisha. Mipu inapiga mstari kupita kwenye rundo lote la slaisi na kuchukua nukta inayong'aa kuliko zote, basi, haijui mafuta wala damu. Ukiiacha na macho na ngozi ya kichwa ndani umejitakia.

Kwa hiyo kata boksi kutoka juu, toa macho, toa ngozi, halafu zungusha kushoto kulia kila nyuzi 6 kwa nyuzi 180, unapata picha 30 zinazotosha. Tengeneza na nyingine tatu peke yake: karotidi (ateri kubwa ya mbele ya shingo) ya kulia, ya kushoto, na mfumo wa nyuma, zisipandiane machoni mwa msomaji.

Ila mkono wako uwe mwepesi. Mwaka wangu wa kwanza nilisafisha mipu mpaka ikang'aa kama ya kwenye kalenda, nikazungushia kalamu mafuta ya jicho nikafuta, kumbe nimeondoka na mwanzo wa ateri ya oftalmiki (ya jicho) pamoja na kianurizimu (kivimbe cha ukuta wa mshipa) kilichokaa pembeni yake kama punje ya mtama. Radiolojisti alikikuta kwenye slaisi mbichi. Akaniita, akaweka picha mbili kwenye skrini, hakusema neno. Toka siku hiyo slaisi mbichi zinatangulia kwenye mfumo kabla ya mipu, na mimi mwenyewe nazipitia moja moja kwanza. Humo pia ndimo utajua kama kile kinachong'aa ni damu inayotembea au ni damu iliyovuja wiki iliyopita, maana damu ya zamani kidogo nayo inang'aa na kwenye mipu inajifanya mshipa.

Swali: Mwanangu ana miaka 7, ana sikoseli. Walimpima spidi ya damu kichwani kwa ultrasaundi wakakuta iko juu, sasa wameagiza MRI ya mishipa bila sindano. Ndugu wananiambia bila dawa picha haitoki vizuri, nidai sindano? Mama, Tanga.

Jibu: Pole mama, na hapana, usidai. Kipimo hiki kimetengenezwa kufanya kazi bila dawa, damu ya mtoto yenyewe ndiyo dawa. Hicho cha ultrasaundi kina uzito wake: tangu utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 inajulikana kwamba mtoto wa sikoseli mwenye spidi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi na kumwongezea damu mara kwa mara kunaipunguza sana, kwa hiyo usikae nacho nyumbani hata kama MRI inachelewa.

Kitu ninachotaka ukakifanye ni kimoja, hakikisha fomu imeandikwa wazi kwamba mtoto ana sikoseli. Damu yake ni nyepesi inakimbia, ikifika pale karotidi inapogawanyika inafanya vurugu kama maji ya mfereji kwenye kona, na vurugu inafuta ishara, mshipa usio na tatizo unaonekana umebana. Radiografa akijua anashusha TE kadiri mashine inavyoruhusu, anakubali mafuta yabaki kidogo, na pengo linapungua. Nimeshaona mtoto ambaye karotidi mbili zilionekana zimekatika kwenye mipu, tukarudia na TE fupi, upande mmoja ukajaa, mwingine ukabaki umebana kweli.

Asikae na kiu siku hiyo, mnyweshe maji. Vibanio vya nywele vyote vitolewe nyumbani kabla ya kuja. Na mfundishe mchezo wa kulala kama sanamu huku unagonga sufuria, mashine ina kelele, na akitulia dakika saba hivi kwa TOF hamtahitaji dawa ya usingizi, ambayo kwa mtoto wa sikoseli si ya kuikimbilia.

Swali: Ripoti yangu imesema nyuma kulia mshipa unatokea kwenye karotidi badala ya basila (ateri ya nyuma, vetebrali mbili zinapoungana). Ni ugonjwa? Nairobi.

Jibu: Hapana, umezaliwa nao. Duara la Willis, yaani pete ya ateri chini ya ubongo, lililopewa jina la daktari Mwingereza aliyelieleza mwaka 1664, kwa watu wengi halijakamilika kama lilivyochorwa vitabuni.