Karatasi kwanza, pilau baadaye: maswali yenu kuhusu Tashkent

Toleo lililopita niliahidi mwezi huu zamu ni ya Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, mji ninaoishi mimi mwenyewe, basi meseji zimemiminika. Nimechagua zile zinazogusa wengi. Wale mliouliza kama kuna bahari: hakuna, na hata nchi zote zinazopakana na Uzbekistan hazifiki bahari kuu. Duniani nchi za hivyo ni mbili tu, hii na Liechtenstein. Samaki wapo, wa mtoni na wa kufugwa, ila mtu wa Pwani asije na matumaini makubwa.

Habari za kazi mwanangu. Kijana wangu kapata nafasi ya chuo huko Tashkent, anaondoka mwezi wa tisa. Wakala aliyemtafutia chuo anasema mambo yote ataelekezwa akifika. Mimi sijaridhika. Ajue nini kabla hajapanda ndege? – Baba wa mwanafunzi, Morogoro

Shikamoo baba. Una haki ya kutoridhika, maana hilo la "utaelekezwa ukifika" ndo mama wa matatizo yote. Uzbekistan ni nchi ya karatasi. Watu wake wakarimu mpaka unaona haya, lakini ofisi ni ofisi, afisa hana habari kwamba wewe ni mgeni mwenye heshima zako, anataka karatasi. Kwa hiyo viza iwe ya masomo kabisa tangu nyumbani, asikubali kusafiri na ya utalii kwa ahadi kwamba itabadilishwa huku huku, na barua ya mwaliko aitoe chuo chenyewe, na jina la kwenye barua lifanane na la kwenye pasi herufi kwa herufi.

La pili alishike kuliko yote. Akishaingia anatakiwa asajiliwe mahali anapolala ndani ya siku 3. Akilala hotelini hotel inamsajili, akikaa bweni chuo kinashughulika, lakini akipanga nyumba ya mtu ni mwenye nyumba ndo anatakiwa amsajili, na hapo ndo kasheshe inapoanza kwa sababu wapo wenye nyumba hawataki serikali ijue wanapangisha, wataanza kudaiwa kodi. Atamwambia usijali, kaa tu, hakuna anayeuliza. Ajali baba, ajali sana! Wanauliza, tena siku unayoondoka pale uwanja wa ndege ndo wanauliza vizuri, na faini inamwangukia mgeni, na ikizidi anafukuzwa nchini. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye nyumba lisiwe bei, liwe "utanisajili?" Akianza kuzunguka zunguka, muage kwa heshima katafute kwingine.

Nyumba zenyewe watu wanatafuta OLX, tovuti ya matangazo, na kwenye magrupu ya Telegram. Huku WhatsApp haina nguvu, kila kitu ni Telegram, kuanzia mwalimu mpaka muuza maziwa. Madalali wanaitwa makler na wanakula kamisheni kama wa kwetu. Kodi ya nyumba inatajwa kwa dola, na ilipanda sana mwaka 2022 Warusi walipokuja kwa wingi baada ya vita ya Ukraine kuanza, haijarudi pale ilipokuwa. Kwa mwanafunzi namshauri Chilonzor, maghorofa ya zamani ya Kisovieti yasiyo na sura lakini metro iko mlangoni, au Yunusobod. Mirobod na katikati ya mji awaachie wenye mishahara. Na asitegemee sana mtu amtajie jina la barabara, watu wanaelekezana kwa alama: nyuma ya soko fulani, mkabala na duka la dawa. Hapo kijana atajisikia yuko Morogoro.

Kila mtaa una mahalla, yaani uongozi wa mtaa, na mzee wake. Mfikirie kama balozi wa nyumba kumi ila mwenye ofisi na mhuri. Kijana akapige hodi asalimie wiki ya kwanza, asisubiri aitwe.

Simu akikaa nayo muda mrefu na laini ya huku lazima isajiliwe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, la sivyo inafungiwa, ni jambo la kulipia na kumaliza. Dawa ndo kubwa: tramadol na dawa yoyote yenye kodeini asibebe kienyeji kwenye begi, huku zinahesabika karibu na madawa ya kulevya. Kama daktari amemwandikia, abebe cheti, ziwe kwenye pakiti yake, azitangaze forodhani. Na dola anazobeba ziwe safi, hazijachanika wala kuandikwa kalamu, benki zinakataa.

Assalaam alaykum dada. Mume wangu amepata mkataba huko na tunahama familia nzima. Mimi navaa nikabu. Nimeambiwa ni nchi ya Kiislamu kwa hiyo hakuna shida, ni kweli? – Mama wa watoto watatu, Mombasa

Waalaykum salaam mama. Nikwambie ukweli kabla hujafunga mizigo: hapana. Watu wengi wa huku ni Waislamu kweli, wa madhehebu ya Hanafi, lakini serikali si ya kidini, na mwaka 2023 ilipita sheria inayokataza mavazi yanayoficha uso hadharani, kuna faini. Hijabu ya kawaida haina tatizo, utaziona nyingi tu, hasa mji wa kale. Nikabu ndo hiyo. Najua si jambo dogo, ndo maana nakuambia sasa hivi uzungumze na mzee mkiwa bado nyumbani. Halafu msigawe vitabu vya dini wala kuanzisha darsa nyumbani na majirani, hata kwa nia njema. Mafundisho ya dini bila kibali ni kosa, na hii haichagui Muislamu wala Mkristo.

Kuswali, misikiti ipo mizuri, ule mweupe wa Minor kando ya mfereji wa Ankhor uliofunguliwa 2014 unang'aa mpaka usiku. Ila misikiti mingi ya mtaani haina sehemu ya wanawake, wanawake wa huku wamezoea kuswali nyumbani. Nyama nyingi ni halali, japo nguruwe inauzwa kwenye baadhi ya maduka na migahawa, kwa hiyo uliza. Na vodka ipo kila kona, usishangae kuiona mezani kwenye harusi ya watu waliofungua kwa dua.

Kitu kimoja utakachofurahi nacho: Tashkent, eneo la Hazrati Imam, ndipo ulipo ule msahafu mkongwe unaonasibishwa na Sayyidna Uthman. Warusi waliuchukua mji wa Samarkand wakaupeleka Saint Petersburg mwaka 1869, ukaletwa Tashkent miaka ya 1920. Wataalamu wa maandishi wanasema umeandikwa baadaye kidogo kuliko zama za Uthman, wenyeji hawataki kusikia hayo. Umeandikwa kwa hati ya Kufi kwenye ngozi, herufi kubwa nene na ukurasa mmoja unabeba maneno machache tu. Nenda siku ya kazi asubuhi, wikendi ni foleni.

Dada mambo! Mimi bila ugali siwezi. Huko nitakula nini? – Mwana wa Temeke

Poa mdogo wangu. Sembe nyeupe ya kwetu usiitegemee, unga wa mahindi wa njano upo sokoni ila unatoa ugali unaovunjika vunjika. Wanafunzi wa Kiafrika kwenye nchi hizi za Kisovieti wa zamani wana siri yao: manka. Ni semolina, chembe ndogo nyeupe za ngano, Warusi wanawapikia watoto uji. Chemsha maji, mimina polepole huku unasonga, dakika chache tu una kitu kinachokatika na kushika mchuzi. Si ugali kamili lakini usiku wa Januari utakiheshimu. Mboga kabichi na spinachi zipo, nyanya za kiangazi tamu kupindukia, nazi ndo usahau.

Sasa acha hayo ya ugali, njoo kwenye osh. Wageni wanaiita plov, wewe utaitambua, ni pilau. Ila Mzanzibari akiionja atauliza viungo vimeenda wapi maana hakuna karafuu, hakuna mdalasini, hiliki hakuna. Kuna bizari nyembamba, zabibu kavu, dengu, na karoti za njano zilizokatwa nyembamba, nyingi karibu sawa na mchele. Nenda pale Besh Qozon karibu na mnara wa televisheni uone inavyopikwa: masufuria ya chuma mapana mtoto anaweza kuogea, moto wa kuni chini, mpishi anakaanga nyama kwenye mafuta ya pamba na ya mkia wa kondoo, halafu karoti, halafu mchele juu, hakorogi! Anaufukia tu unaiva kwa mvuke. Ukiiva anageuza kwa mwiko bapa, nyama inatolewa inakatwa katwa inarudishwa juu ya sahani. Vile vipande vya soseji nyeusi nyeusi pembeni ni nyama ya farasi, inaitwa qazi, kama hutaki sema mapema.

Muhimu: osh ni chakula cha mchana, tena mchana wa mapema. Fika saa tano, saa sita. Ukifika saa tisa utakuta wanasugua masufuria. Na ukimaliza usiagize soda baridi, mhudumu mwenyewe atakuzuia, wanaamini mafuta yataganda tumboni, kunywa chai ya moto. Chai inamiminwa nusu kikombe, usidhani unabaniwa, nusu ndo heshima, maana yake nitakuongeza tena. Kikombe kikijaa mpaka juu ndo uanze kujiuliza. Mkate nao una adabu zake, usiuweke kifudifudi, usiutupe, usiukanyage hata kipande, na wa duara uumege kwa mkono.

Hello dada, nakuja Tashkent kikazi, nitakaa karibu mwaka. Usafiri na weather je? – Injinia, Kisumu

Karibu kaka. Kitu cha kwanza kabisa, huku magari yanapita kulia. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza ndo tuvuke, huku hatari inatokea kushoto, na barabara za Tashkent ni pana ajabu. Upana huo una sababu: alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1966 tetemeko lilitokea chini ya mji kabisa, nyumba za udongo za mji wa kale zikaanguka kwa maelfu, na mji ukajengwa upya na mafundi kutoka jamhuri zote za Kisovieti. Ndo maana leo una maghorofa yaliyopangwa, miti mingi, na njia za chini ya ardhi za waenda kwa miguu. Tumia hizo njia.

Metro ilianza 1977, ya kwanza Asia ya Kati, na nauli yake ni ya kuchekesha kwa udogo. Zamani kupiga picha ndani ilikuwa marufuku, tangu 2018 ruksa, kwa hiyo shuka kituo cha Kosmonavtlar uone kuta za bluu inayobadilika kukolea kwake, na sura za wanaanga, Gagarin na Tereshkova wakiwemo. Mimi nakipenda zaidi Alisher Navoiy, yale makuba ya darini. Teksi tumia app ya Yandex Go, bei unaiona kabla. Soma namba ya gari kwa makini maana magari ya mji huu karibu yote ni Chevrolet nyeupe yaliyotengenezwa nchini humu, utafungua mlango wa mtu asiyekujua, na yeye atakupeleka tu.

Hali ya hewa haina huruma pande zote mbili. Kuanzia mwisho wa Juni hadi mapema Agosti kuna siku 40 wanaziita chilla, joto linapita digrii 40, kavu, watu wanatoka asubuhi na jioni. Baridi nayo inashuka chini ya sifuri, na hewa inajaa moshi hasa Desemba na Januari, mwenye pumu ajipange. Januari 2023 baridi ilizidi kiasi, gesi na umeme vikakatika sehemu nyingi za mji, meya akafukuzwa kazi. Kwa hiyo ukipanga nyumba uliza inapashwa joto na nini, ya mfumo wa mji au boila yake yenyewe, na ununue hita ndogo ya umeme mapema kabla ya wenzio. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ni raha tupu.

Mtu mweusi anaishije huko? Naulizia usalama. – Bila jina, Bujumbura

Utatazamwa. Sana. Watoto watakufuata na wamama sokoni Chorsu watataka picha, wengine wataomba, wengine watapiga tu. Mara nyingi ni mshangao, ingawa siku ukiwa umechoka unachosha. Kubaguliwa wazi kunatokea zaidi kwenye kupanga nyumba, simu inaenda vizuri, ukifika mlangoni nyumba "imeshachukuliwa." Nenda na mwenyeji, inasaidia. Wizi wa nguvu mitaani ni nadra, usiku naona wanawake wanatembea na watoto bustanini mpaka saa nne, saa tano. Salamu ndo ufunguo: "assalomu alaykum", mkono kifuani, na "rahmat" kwa shukrani. Polisi ni 102, ambulansi 103. Pasi ya kweli tembea nayo, nakala iache ndani.

Napita siku mbili tu. Niende Samarkand au nibaki? – Msafiri, Kigali

Siku ya kwanza baki, Chorsu asubuhi chini ya lile kuba la bluu, onja qurt, vidonge vya maziwa makavu yenye chumvi (utapenda au utatema, hakuna katikati), osh mchana, metro jioni. Siku ya pili nenda. Treni ya Afrosiyob inakufikisha Samarkand kwa saa mbili na kitu, lakini tiketi zinakwisha mapema sana msimu wa wageni, kwa hiyo nunua mtandaoni zikifunguliwa tu, usingoje ufike. Ukikosa hiyo, kuna Sharq, inachelewa kidogo na viti vyake vizuri tu. Na Tashkent ina stesheni mbili, ya kaskazini na ya kusini, na teksi kati yao asubuhi ni foleni, basi soma kwenye tiketi treni yako inaondokea ipi kabla hujalala.