Ukingo wa sitaha ya mtumbwi: usiung'oe wote

Ndugu, umeuliza kama ung'oe ukingo wote wa sitaha ya mtumbwi wako wa zamani kwa kuwa ncha moja imeoza. Tafadhali usiung'oe. Mbao ile ya kale ndiyo thamani yenyewe.

Dunga polepole kwa bisibisi. Inapozama kwa urahisi ndipo penye uozo. Kata hapo tu, tena kwa mshazari mrefu: ukingo wa unene wa sentimita 2 unataka mshazari wa sentimita 16 hivi, ndipo gundi ya epoksi ishike vizuri. Kiungo kifupi kitaachia, hilo usilifanyie haraka.

Kipande kipya kitafute soko la Gikomba, Nairobi. Mbao ya mvule inavumilia maji, ila ina mafuta, basi ifute kwa asetoni, kiyeyusho cha mafuta, kabla tu ya kupaka gundi. Vumbi lake linawasha, funika pua. Skrubu ziwe za shaba. Za chuma hushika kutu na kuitia mbao weusi.

Msasa namba 80, 120, halafu 220, ukifuata nyuzi za mbao. Vanishi ya boti ya mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, izimue iwe nyepesi, kisha ongeza mikono mitano isiyozimuliwa. Kwa baridi hii ya Julai, kila mkono uupe siku nzima ukauke.