Muvi bila sauti, watu walielewaje?

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi msomaji wenu wa Morogoro. Juzi mdogo wangu kanionyesha kwenye simu muvi ya zamani sana, picha nyeusi na nyeupe, hakuna anayeongea, watu wanatembea mbio mbio kama wanafukuzwa. Sasa najiuliza, watu wa kipindi kile walielewaje stori? Na kweli walikuwa wanatembea vile?

JIBU: Nzuri dada, karibu. Hizo mbio ni za mashine tu. Kamera ilikuwa inazungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 mpaka 20 hivi kwa sekunde, mashine za baadaye zikaonyesha 24, sasa ukiirusha bila kurekebisha lazima watu wakimbie.

Kuhusu stori, ngoja nikupe moja ninayoipenda mno. Ujerumani 1924, muongozaji Murnau, inaitwa Der letzte Mann, yaani Mtu wa Mwisho. Kuna mzee bawabu wa hoteli kubwa, ana koti refu la vifungo vinavyong'aa, mtaani kwake kila akipita wanampa heshima kama jenerali. Meneja anamuona kachoka baada ya kubeba sanduku zito, basi, anavuliwa koti na kupelekwa chini chooni kuwashikia wageni taulo, na mzee kwa aibu analiiba lile koti usiku ili avae kwenye harusi nyumbani, wasijue. Kadi za maandishi, yale maneno yanayotokea kwenye skrini katikati ya picha, karibu hakuna humo, lakini Emil Jannings akivuliwa koti tu mgongo unapinda, anazeeka mbele ya macho yako, na hapo we mwenyewe unajua kila kitu. Mjapani, Mfaransa, hata asiyejua kusoma, wote wanaelewa.

Halafu ukumbini hakukuwa kimya. Kulikuwa na piano, kumbi kubwa zilikuwa na okestra nzima. Japani ndo walinifurahisha zaidi, kulikuwa na mtu anaitwa benshi, anasimama pembeni ya skrini anasimulia na kuigiza sauti za wote, mwanamke, mtoto, jambazi, na wengine walikuwa na jina kuliko waigizaji wenyewe, watu wanalipa kiingilio kumfuata yeye. Sisi tuliokulia vibanda umiza vya video tunamsikiliza Lufufu akitutafsiria muvi za nje kwa sauti yake, au majirani zetu Kenya na DJ Afro wao anayefanya hivyo hivyo, hilo halihitaji maelezo.

Muvi za kuongea zilipoenea miaka ya 1930 mabenshi wakakosa kazi, waligoma lakini haikusaidia. Kaka yake Akira Kurosawa, yule muongozaji mkubwa, alikuwa mmoja wao, akajiua 1933. Inaniuma kila nikikumbuka.

Itafute hiyo ya mzee, kaa na mdogo wako, zimeni simu nyingine zote, halafu mwangalieni mgongo.